Miaka Inayohesabiwa Baada ya Hatia: Miongozo ya Adhabu katika Mahakama za Shirikisho za Marekani

Watu wengi wakisikia kwamba fulani ametiwa hatiani katika mahakama ya Marekani hudhani kazi imekwisha, na kwamba kilichobaki ni jaji kufungua kitabu cha sheria na kusoma idadi ya miaka. Sivyo. Katika mahakama za shirikisho, yaani zile za serikali kuu na si zile za majimbo, siku ya kutiwa hatiani ni mwanzo wa hesabu nyingine, ndefu, na aghalabu yenye ikhtilafu kubwa kuliko kesi yenyewe. Ndani ya hesabu hiyo huingizwa mambo ambayo mtu hakushitakiwa nayo kabisa, na kwa miaka mingi yaliingizwa hata yale aliyoshitakiwa nayo na akaonekana hana hatia. Tunakusudia hapa, inshaallah, kueleza hesabu hiyo ilivyo na ilikotoka, na hasa tuangalie suala moja: ni nani mwenye haki ya kuthibitisha yale yanayoongeza miaka, na kwa ushahidi wa nguvu gani.

Mwanafunzi wa fiqhi ataikaribia maudhui hii kwa wepesi akikumbuka mlango wa taazir, ambapo kosa limethibiti lakini kiasi cha adhabu kimeachiwa ijtihadi ya kadhi. Wamarekani nao wamesumbuka na swali lile lile: uhuru wa kadhi uwekewe mipaka kiasi gani? Mfano huu tumeutaja kwa ajili ya kufahamisha tu, si kwa ajili ya kupima mfumo mmoja kwa mwingine.

Hali ilivyokuwa kabla ya 1987

Hapo zamani sheria ya shirikisho ilikuwa ikitaja ukomo wa juu tu, kwa mfano miaka 20, na jaji akawa huru kutoa chochote kuanzia sifuri hadi ukomo huo. Hakulazimika kueleza sababu, wala mahakama ya rufaa haikuwa na kipimo cha kumrekebisha maadamu hakuvuka ukomo. Tena miaka aliyoitamka siyo ambayo mfungwa angeitumikia, kwani bodi ya parole ndiyo iliyoamua baadaye ni lini atoke. Watu wawili wenye kosa moja na sifa moja wangeweza kusimama katika vyumba viwili vya jengo moja, mmoja akarudi nyumbani na mwenzake akaenda jela miaka 10, na hakuna ambaye angeweza kusema jaji yupi amekosea.

Aliyeipasua kadhia hii hadharani alikuwa jaji mwenyewe, Marvin Frankel wa New York, katika kitabu alichokitoa mwaka 1973. Hoja yake ilikuwa nzito kwa kuwa ilitoka ndani ya nyumba: mahakama inayojivunia utawala wa sheria, inapofika kwenye kumnyima mtu uhuru wake, haina sheria yoyote inayoifuata. Hoja hiyo ilipokewa na watu wa pande mbili zisizopatana. Seneta Edward Kennedy aliona tafauti hizo zinawadhulumu mafukara na watu weusi. Seneta Strom Thurmond na wenzake waliona majaji wamekuwa wapole mno kwa wahalifu. Mara nyingi sheria huzaliwa hivyo, watu wakaafikiana juu ya dawa bila ya kuafikiana juu ya maradhi.

Oktoba 12, 1984 Rais Reagan akaitia saini Sheria ya Marekebisho ya Adhabu. Sheria hiyo iliunda Tume ya Adhabu yenye wajumbe saba wenye kupiga kura, wanaoteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti, na wanne kwa wingi ndio wanaoruhusiwa kutoka chama kimoja. Tume ikaandika Miongozo iliyoanza kutumika Novemba 1, 1987. Parole nayo ikafutwa kwa makosa ya tangu siku hiyo. Mfungwa hupunguziwa siku zisizozidi 54 kwa kila mwaka kwa mwenendo mwema, na zaidi ya hapo hukaa karibu muda wote aliohukumiwa. Msomaji asilipite jambo hili upesi. Mwezi mmoja katika jedwali tutakalolieleza sasa ni karibu mwezi mmoja kamili wa ukutani.

Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliulizwa, katika kesi ya Mistretta, kama tume ya namna hii inakubaliana na katiba, na majaji wanane wakakubali. Wa tisa, Antonin Scalia, alipinga akisema chombo kisicho mahakama wala bunge kimepewa kazi ya kutunga sheria. Tutakutana naye tena.

Jedwali na mfano wake

Miongozo ni kitabu kinene, lakini mwisho wake ni ukurasa mmoja wenye jedwali. Upande wa chini kwenda mbavuni zimepangwa daraja za kosa, kuanzia 1 hadi 43. Upande wa juu yamepangwa makundi sita ya historia ya mtu, la kwanza likiwa la asiye na hatia za nyuma au mwenye chache mno, na la sita la aliyekubuhu. Panapokutana daraja na kundi pana tarakimu mbili, nazo ni miezi: ya chini na ya juu. Vyumba vyote vya jedwali ni 258. Daraja 20 katika kundi la kwanza, kwa mfano, ni miezi 33 hadi 41. Daraja 43 ni kifungo cha maisha kwa kundi lolote.

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane. Mtunza hazina wa jumuiya fulani katika mji wa Marekani amejaza hati za uongo kupitia benki na kujichukulia fedha. Hana hatia yoyote ya nyuma. Katika hati ya mashitaka zimetajwa dola 100,000. Kwa kosa la ulaghai wa namna hii, ambalo ukomo wake kisheria ni miaka 20, daraja ya kuanzia ni 7. Kisha inatazamwa hasara. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2015, hasara iliyozidi dola 95,000 iliongeza daraja 8, tumefika 15. Ametumia vibaya amana aliyokabidhiwa, zinaongezwa 2, tumefika 17. Akikiri kosa mapema na kuonesha kujuta, zinapungua 3; tumebaki na 14. Na kwa kuwa hana hata alama moja ya historia, kanuni iliyoanza mwaka 2023 inaweza kumpunguzia 2 nyingine ikiwa masharti yake yametimia; tumebaki na 12. Daraja 12, kundi la kwanza: miezi 10 hadi 16.

Hadi hapa ni hesabu ya mtoto wa madrasa. Lakini kabla ya siku ya hukumu, afisa wa mahakama anayesimamia wafungwa wa nje huandika ripoti juu ya mtu huyu: maisha yake, familia yake, na kosa lake kwa mapana. Tuseme afisa ameandika kwamba mbali na zile dola 100,000 za kwenye hati, zipo dola 180,000 nyingine zilizochukuliwa kwa njia hiyo hiyo katika miaka iliyotangulia. Hazikushitakiwa. Hakuna aliyezithibitisha mbele ya jopo la raia, na mshitakiwa hakuzikiri. Jaji akiyakubali maneno ya ripoti, hasara sasa ni dola 280,000, nyongeza si 8 tena bali 12, na mwisho wa hesabu ni daraja 16: miezi 21 hadi 27. Kifungo kimekaribia mara mbili kwa aya moja ya ripoti.

Mwenendo unaoambatana na kosa

Hiyo aya ndiyo moyo wa mfumo mzima. Kanuni inayoiruhusu inaitwa kanuni ya mwenendo unaoambatana, nayo inasema kwamba daraja haihesabiwi kwa shitaka peke yake bali kwa yote yaliyotendwa katika mpango mmoja na kosa hilo. Katika kesi za dawa za kulevya humhesabia mtu hata mzigo uliobebwa na wenzake, ikiwa ulikuwa ndani ya shughuli waliyokubaliana na ikiwa angeweza kuutarajia.

Waliotunga kanuni hii hawakuwa na nia mbaya, na insafu inatutaka tuieleze hoja yao. Walihofu kwamba adhabu ikifuata maneno ya hati ya mashitaka tu, basi mwendesha mashitaka ndiye atakayekuwa jaji. Atachagua shitaka dogo kwa huyu na kubwa kwa yule, na tafauti zile zilizokimbiwa zitarudi kwa mlango wa nyuma. Wakasema jaji atazame tendo lenyewe lilivyokuwa.

Tatizo liko kwenye ushahidi. Ili jopo la raia 12 limtie mtu hatiani lazima hatia ithibiti pasipo shaka yoyote ya maana. Hicho ni kipimo kinachokaribia yakini. Lakini jaji anapothibitisha mambo ya kuongeza daraja, kipimo chake kwa kawaida ni kuelemea kwa mizani: jambo likionekana lina uwezekano wa kuwa kweli kuliko kuwa si kweli, limethibiti. Watu wa usuli wangesema ni dhana yenye nguvu, na wengine wangesema hata nguvu hiyo ni haba. Sheria za ushahidi nazo hulegezwa hapo, hata habari ya kusikia kwa mwingine huweza kupokewa ikiwa ina dalili za kuaminika. Kwa hiyo mtu mmoja, katika kesi moja, hulindwa na ukuta mrefu mpaka ahukumiwe, na baada ya hapo ukuta unakuwa wa kimo cha goti, ingawa kinachoamuliwa nyuma yake ni miaka yake.

Wasomaji wetu watataka kujua pia ile nyongeza ya ugaidi, kwa kuwa imewagusa Waislamu wengi wa nchi hiyo na wageni waliofikishwa huko. Kosa likithibiti kwamba lilihusu au lilikusudia kusaidia tendo ambalo sheria imelitaja kuwa la ugaidi, daraja huongezwa 12 na hazishuki chini ya 32. Na mtu huhamishiwa kundi la sita la historia hata kama hajawahi kuingia mahakamani maishani mwake. Chukua daraja 20, kundi la kwanza, miezi 33 hadi 41. Baada ya nyongeza inakuwa daraja 32, kundi la sita: miezi 210 hadi 262. Nimezunguka kitabu hicho kizima wala sioni kanuni nyingine inayomgeuza mgeni wa mahakama kuwa mkongwe wake kwa namna hiyo. Kinachoizuia ni ukomo wa kisheria wa kosa lenyewe, ambao hesabu ya Miongozo haiwezi kuuvuka, na uhuru wa jaji ambao ulirudi mwaka 2005 kama tutakavyoona.

Kutoka Apprendi hadi Booker

Kwa miaka 17 ya mwanzo Miongozo ilikuwa wajibu. Jaji aliyetoka nje ya miezi ya jedwali alihitaji sababu maalumu ambayo Tume haikuizingatia, na rufaa ilikuwa ikimngojea. Wapo majaji waliotamka waziwazi kwenye hukumu zao kwamba wanaona adhabu wanayoitoa ni kali kupita kiasi lakini mikono yao imefungwa.

Mfumo huo ulianza kutikisika kwa kesi ya jimbo, si ya shirikisho. Mwaka 1994 mtu mmoja huko New Jersey alifyatua risasi kwenye nyumba ya familia ya watu weusi. Kosa alilolikiri lilikuwa na ukomo wa miaka 10. Jaji akaona alifanya kwa chuki ya rangi, akampa 12. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu, kwa kura tano dhidi ya nne, ikatoa hukumu ya Apprendi: jambo lolote linaloipandisha adhabu juu ya ukomo wa kisheria, isipokuwa kuwepo kwa hatia ya nyuma, lazima lithibitishwe na jopo pasipo shaka ya maana.

Miaka minne baadaye ikaja kesi ya Blakely kutoka jimbo la Washington. Mtu alimteka mkewe waliyekuwa wametengana, akakiri, na kiwango cha kawaida cha jimbo kilikuwa miezi 49 hadi 53. Jaji aliona pana ukatili wa makusudi akampa miezi 90. Scalia aliyeandika hukumu alisema ukomo unaozingatiwa ni ule ambao jaji anaweza kuufikia kwa yale tu yaliyothibitishwa na jopo au kukiriwa. Kila aliyesoma hukumu hiyo mwezi Juni 2004 alielewa kwamba zamu ya Miongozo ya shirikisho imefika, kwani mfumo wote ulisimama juu ya mambo yanayothibitishwa na jaji.

Haikupita hata mwaka. Kesi ya Booker iliamuliwa Januari 12, 2005. Ushahidi uliowafikia raia wa jopo ulikuwa gramu 92.5 za kokeini ya mawe iliyokutwa katika mfuko, na kwa hizo, pamoja na historia yake, kiwango kilikuwa miezi 210 hadi 262. Siku ya hukumu jaji alithibitisha, kwa kuelemea kwa mizani, gramu 566 nyingine na kosa la kuzuia haki. Kiwango kikawa miezi 360 hadi maisha, naye akatoa miaka 30. Zaidi ya miaka minane ilitoka kwenye mambo ambayo jopo halikuyasikia au halikuyatamkia neno.

Mahakama ya Juu ilitoa jibu lenye vichwa viwili. Majaji watano wakiongozwa na Stevens walisema utaratibu huo unavunja haki ya kuhukumiwa na jopo. Kisha majaji watano wakiongozwa na Breyer wakaeleza dawa: kipengele kinachoifanya Miongozo kuwa wajibu kikatwe, ibaki kuwa ushauri. Ni Ginsburg peke yake aliyekuwa katika makundi yote mawili, na wanasheria hadi leo hawajaacha kuulizana juu ya hilo. Ukiitafakari dawa hiyo utaona haifanani sana na ugonjwa. Malalamiko yalikuwa kwamba jaji anathibitisha mambo ambayo ni haki ya jopo. Baada ya hukumu jaji aliendelea kuyathibitisha yale yale kwa kipimo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba hesabu inayotokana nayo haimlazimishi tena.

Namna majaji wanavyoitumia sasa

Hatua ya kwanza haijabadilika. Jaji lazima apige hesabu ya jedwali na aipate sawa, na akikosea hesabu rufaa humrudisha hata kama angeruhusiwa kutoa miezi ile ile kwa njia nyingine. Hatua ya pili ni kuipima adhabu kwa yale yaliyoamrishwa na sheria ya 1984: aina ya kosa na hali ya mtu, uzito wa tendo, kuzuia wengine, kuwalinda watu, kumrekebisha mkosaji, na kuepusha tafauti zisizo na sababu. Juu ya yote limewekwa sharti kwamba adhabu iwe ya kutosha na isizidi inayohitajika. Hapo kati palikuwa na hatua nyingine, ya kutoka nje ya kiwango kwa sababu zilizoorodheshwa ndani ya Miongozo. Marekebisho ya Novemba 2025 yameziondoa karibu zote, isipokuwa upunguzo kwa anayewasaidia waendesha mashitaka, kwa kuwa majaji wengi walikuwa hawazitumii tena.

Desemba 10, 2007 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili zilizoonesha uhuru huo una upana gani. Katika kesi ya Gall, kijana aliyewahi kuuza vidonge vya kulevya akiwa chuoni alikuwa amejitoa kwenye genge na kutengeneza maisha yake kabla hata hajakamatwa. Kiwango kilikuwa miezi 30 hadi 37, jaji akampa uangalizi wa nje bila jela, na Mahakama ikaunga mkono. Katika kesi ya Kimbrough, jaji aliruhusiwa hata kuikataa siasa ya Miongozo yenyewe. Ilihusu kokeini. Sheria ya 1986 iliifanya gramu 1 ya kokeini ya mawe iwe sawa na gramu 100 za unga, na waliokuwa wakifungwa kwa ile ya mawe walikuwa kwa sehemu kubwa watu weusi. Tume ilitaka kuisawazisha mwaka 1995, Bunge likakataa. Mwaka 2010 uwiano ulishushwa kuwa 18 kwa 1, na mwaka 2018 waliofungwa kwa kipimo cha zamani wakaruhusiwa kuomba wapunguziwe.

Je, uhuru huo unafanya kazi kweli? Katika miaka ya karibuni chini ya nusu ya hukumu ndizo zinazoangukia ndani ya kiwango cha jedwali. Lakini zilizo nje yake nazo hupimwa kutoka hapo hapo. Jaji husema ametoa chini kidogo, au chini sana, ya kiwango. Tarakimu ya kwanza kutajwa huvuta ya mwisho, jambo ambalo kila aliyewahi kununua kanzu sokoni analijua. Na juu ya Miongozo bado zipo sheria za kiwango cha chini cha lazima, hasa katika dawa za kulevya na silaha, ambazo jaji hawezi kuzishuka ila kwa njia chache zilizotajwa na sheria.

Aliyeachiwa na jopo, akahesabiwa na jaji

Sasa turudi kwenye lile lililo zito zaidi. Polisi walipopekua nyumba katika kesi ya Watts walikuta kokeini jikoni na bunduki mbili kwenye kabati la chumbani. Jopo lilimtia mtu huyo hatiani kwa kokeini na likasema hana hatia ya kutumia silaha katika kosa hilo. Jaji akamwongezea daraja mbili kwa sababu ya silaha. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilisema inaruhusiwa. Mantiki yake ni kwamba jopo linaposema hana hatia halisemi kwamba jambo halikutokea, bali linasema halikuthibiti pasipo shaka. Hakuna mgongano ikiwa jaji ataliona limethibiti kwa kipimo cha chini.

Mantiki hiyo imenyooka, na bado nafsi inaikataa. Mtu amesimama mbele ya watu 12, wamemsikiliza, wamemwambia hana hatia, kisha mtu wa kumi na tatu anamfunga kwa jambo hilo hilo. Majaji waliolaumu hawakuwa wa mrengo mmoja. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza kesi ya Jones, Scalia, Thomas na Ginsburg waliungana kusema ingesikilizwa, watu watatu ambao ni nadra kuwakuta safu moja. Katika kesi ya McClinton kijana alitiwa hatiani kwa wizi wa duka la dawa huko Indianapolis, jopo likamwachia shitaka la kuua, na jaji akampa miaka 19 kwa kuona kwamba aliua. Mahakama iliikataa mwaka 2023, na Jaji Sotomayor akaandika kwamba Tume ikishindwa kulishughulikia jambo hili huenda Mahakama ikalazimika kufanya hivyo.

Tume ilisikia. Ilikuwa imekaa tangu 2019 hadi Agosti 2022 bila wajumbe wa kutosha kupitisha chochote. Ilipokamilika, chini ya mwenyekiti wake Jaji Carlton Reeves, ilipitisha mwezi Aprili 2024, kwa kauli moja, kwamba mwenendo ambao mtu ameshitakiwa nao na kuachiwa katika mahakama ya shirikisho hauingii katika hesabu ya jedwali. Ilianza kutumika Novemba 1, 2024. Ina mwanya mmoja: mwenendo huo ukiwa pia ni sehemu ya lile kosa lililothibiti, unahesabiwa.

Kwa watu wa pwani yetu kesi inayokuja akilini ni ya Mtanzania Ahmed Khalfan Ghailani, aliyeshitakiwa New York kwa milipuko ya Agosti 7, 1998 katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam iliyoua watu 224. Novemba 17, 2010 jopo lilimwachia mashitaka 284 na kumtia hatiani kwa moja, la kula njama ya kuharibu majengo na mali za Marekani. Januari 25, 2011 Jaji Lewis Kaplan alimhukumu kifungo cha maisha. Watu huuliza: mashitaka 284 yameanguka, maisha yametoka wapi? Jibu ni kwamba idadi ya mashitaka haina uzito wake yenyewe. Shitaka moja lililobaki lilibeba miaka 20 kwa uchache na maisha kwa wingi, na kwa sheria ya wakati ule jaji hakuzuiwa kuyatazama hata yale yaliyoachiwa. Mahakama ya rufaa iliiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2013. Wala sidhani kanuni ya 2024 ingeigeuza, kwani vifo vile vilikuwa ndani ya njama ile ile iliyothibiti, na huo ndio mwanya tuliouteja.

Tena kanuni hiyo imefunga mlango wa jedwali tu. Sheria iliyo juu ya Miongozo inasema hakuna mpaka katika habari za mtu ambazo jaji anaweza kuzipokea anapoamua adhabu, na Tume haina uwezo wa kuifuta. Jaji anayetaka kumzidishia mtu kwa jambo aliloachiwa bado anaweza kulitaja katika hatua ya pili. Na yale ambayo hayakushitakiwa kabisa, kama zile dola 180,000 za mtunza hazina wetu, yamebaki kama yalivyokuwa: aliyeshitakiwa akaachiwa analindwa kidogo, ambaye hakushitakiwa halindwi.

Kwa familia yenye mtu mahakamani

Zaidi ya tisa katika kila kesi kumi za shirikisho huishia kwa mshitakiwa kukiri, kwa hiyo wengi hawaoni jopo kabisa. Kwao hesabu hii ndiyo kesi yenyewe. Karatasi ya makubaliano wanayotia saini huwa na maelezo ya tendo, na tarakimu iliyomo, ya fedha au ya gramu, ndiyo itakayopelekwa kwenye jedwali. Ripoti ya afisa lazima impate mshitakiwa siku 35 kabla ya hukumu, na pingamizi huandikwa ndani ya siku 14 baada ya kuipokea. Aya isiyopingwa jaji anaweza kuichukua kuwa ni jambo lililothibiti. Asiye raia ana hesabu ya ziada: ulaghai wenye hasara iliyozidi dola 10,000 huingia katika makosa mazito ya uhamiaji, na tangu hukumu ya Padilla ya 2010 wakili analazimika kumweleza mteja wake hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri.

Maimamu walioko huko huombwa mara kwa mara kumwandikia jaji barua juu ya muumini wao. Barua hiyo haiingii katika jedwali, na haipunguzi hata daraja moja. Mahali pake ni hatua ya pili, panapotazamwa hali ya mtu. Kwa hiyo barua inayosema kwamba fulani ni mtu mwema na hakutenda alilolikiri huweza kumdhuru, kwani inaweza kufanya ile kupunguziwa daraja 3 kwa kujuta itiliwe shaka. Barua yenye faida ni ile inayoeleza alichokiona mwandishi kwa macho yake: wazee anaowahudumia mtu huyo, watoto wanaomtegemea, fedha alizoanza kuzirudisha na kwa tarehe zipi, na nani atakayempokea siku atakayotoka. Hupitishwa kwa wakili kwanza, aisome kabla haijamfikia jaji.